Bwana Miti Asiye na Mti

Kama ulikuwa unaitafuta nyumba ya Bwana Bernard Komba miaka ile, hukuwa na haja ya kuuliza. Ulishuka Mlandizi, ukaishika njia ya kwenda Soga, ukapita nyumba zilizojificha chini ya mikorosho na minazi, mpaka ukaikuta moja imekaa juani peke yake, bati lake linawaka hadi unafumba macho. Hapo ndipo kwa Bwana Miti. Mtu aliyeotesha miti ya kata nzima hakuwa na hata mmoja wa kumpa kivuli mlangoni kwake.

Wageni waliopita walicheka wakidhani ni uvivu. Sisi wenyeji hatukucheka, maana sababu tuliijua, na sababu yenyewe ilikuwa baba yangu.

Mimi ni Kidawa binti Jumbe. Baba yangu, Mzee Jumbe Mwinyimadi, hakuwa mtu mbaya, ingawa wapo watakaokuambia alikuwa. Alikuwa mtu wa kushika jambo. Akishalishika, hata yeye mwenyewe hawezi kulibandua, na anabaki nalo akiwa amenuna kama kwamba wewe ndiye uliyemshikisha. Tulipohamishwa kutoka makazi yetu ya kale kule kilimani, ambayo sasa tunayaita mahame, kuja kukaa pamoja kijijini, kijiji kipya kiliangukia juu ya shamba la babu. Kwa karatasi, mkubwa wa kijiji alikuwa mwenyekiti. Kwa miti, alikuwa baba.

Hilo la miti sharti nilieleze. Kwetu, katika siku hizo, hakuna aliyekuwa na hati ya shamba. Ulitaka kujua pale ni pa nani, uliangalia mnazi uliopo ulipandwa na nani. Aliyeupanda ndiye mwenyewe, na wanawe, na wajukuu zake. Kwa hiyo mgeni akija kuomba mahali pa kukaa, alipewa kwa moyo mweupe, akaambiwa alime mihogo, kunde, bamia, chochote kinachong'oleka siku ya kuondoka. Mti wa kudumu hapandi. Akiupanda ameshaingia kwenye urithi wa watu.

Bernard alikuja mwishoni mwa mwaka 1974 akitokea Songea, na mkewe Laurensia, na mtoto mmoja, Adventina, na barua ya kuwa mhudumu wa bustani ya miche. Baba alimpa kiwanja siku ileile. Akamsomea na sharti.

"Mwanangu, karibu sana. Lima utakavyo. Ila mti wa kudumu, hapana. Wewe ni mgeni."

Mtu mwingine angeitikia, kisha baada ya miaka miwili akachomeka mkorosho nyuma ya choo akaona itakuwaje. Bernard hakuwa mtu wa namna hiyo. Alitoa kijitabu mfukoni akaandika. Nilimwona kwa macho yangu, nilikuwa na miaka kumi na moja: aliandika neno la baba kama waraka wa serikali, akaweka na tarehe, na tangu hapo asingelivunja hata ungemwekea mtutu wa bunduki.

Mwaka wa pili alipanda mipapai. Wazee wakaitana. Kikao kilianza baada ya sala ya adhuhuri, na ajenda ilikuwa moja: mpapai ni mti, au si mti? Mmoja akasema una shina. Mwingine akasema hata mgomba una shina. Mzee mmoja mchoma mkaa, ambaye kwa kawaida hakusikilizwa, aliomba nafasi akasema kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona mkaa wa mpapai. Hapo kikao kikatulia. Ikaamuliwa kwamba kisichotoa mkaa si mti, na Bernard akaruhusiwa kubaki na mipapai yake. Aliandika na hilo.

Taabu ikaja kwenye mbaazi. Laurensia, kwa hila zake, alikuwa ameacha mbaazi tatu za uani bila kuzikata kwa misimu mitatu, zikanenepa mashina, zikaanza kutupa kivuli cha kumtosha mtu mmoja aliyejikunja. Baba alikwenda kuzikagua. Alizizunguka, akazitikisa, akarudi nyumbani. Kesho yake asubuhi Bernard alikuwa amekwishazikata mwenyewe, bila kuambiwa. Laurensia hakumpikia siku mbili.

Mama Adventina huyo, Laurensia, ndiye aliyekuwa akilipa gharama. Asubuhi alipikia upande wa machweo wa nyumba, kwenye kivuli cha ukuta. Jua likipanda kichwani alikaa ndani ya joto la bati. Alasiri alihamia upande wa mawio na masufuria yake yote. Watoto walikuwa wanne sasa. Wanawake wenzake walikuwa wakimkaribisha wakasukane kwenye mikorosho yao, naye alikwenda, akacheka nao, lakini kila mara ilifika saa ya kusema, "Haya, mimi narudi kwangu jangwani."

Halafu mwaka 1983, mwaka ambao sukari tuliisikia redioni tu, Laurensia akachoka. Mimi nilikuwepo, kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina kazi, na vijana wenzangu wa kijiji walinichagua katibu wa kikundi chetu cha kupanda miti, kwa hiyo nilishinda bustanini kwa Bernard. Laurensia alikuja na ndoo kichwani, hakuitua.

"Baba Adventina, nikuambie mbele ya huyu mtoto ili awe shahidi. Miaka tisa nimekaa kwa watu kama abiria. Masika haya yakiisha sina mti mlangoni, mimi na wanangu tunapanda gari la Songea. Wewe ubaki na miche yako."

"Mama Adventina, nitafanya nini? Nilikatazwa."

"Kaongee na Mzee."

"Nimwambie nini, na sharti nimeliandika?"

Laurensia alimtazama, akanitazama mimi kama kwamba ni mimi niliyemzaa Mzee Jumbe, akaenda zake na ndoo. Bernard akaendelea kupalilia miche. Kila akiinama nilimwona anapalilia mahali palepale. Alimpenda sana yule mwanamke.

Sasa juu ya hayo ndipo zikaja habari za Vijana wa Dunia.

Bwana Zahoro, katibu wa kata, aliitisha mkutano akatangaza kwamba kambi ya vijana kutoka nchi tisa za ulimwengu itakuja kwetu kwa juma moja, kushirikiana na vijana wa kijiji kupanda miti na kuokoa mazingira. Neno mazingira tulikuwa hatujalizoea. Mzee mmoja aliuliza mazingira yenyewe yamefungwa wapi mpaka yaokolewe. Lakini sisi vijana tulilielewa vizuri kuliko alivyolielewa Zahoro, kwa sababu kilima cha mahame yetu tulikiona kila siku. Tangu watu wahamishwe kilikuwa kimekatwa chote kwa mkaa wa kupeleka Dar es Salaam. Mvua ikinyesha, udongo wake ulishuka mwekundu mpaka mto Ruvu. Visima viwili vya bondeni vilikuwa vimekauka, na aliyetembea maili ya ziada kutafuta maji si Zahoro, ni sisi wasichana.

Tulifanya kazi kama watu wenye wazimu. Viriba vya plastiki vya kuoteshea miche havikuwepo mwaka ule, kama vile sabuni isivyokuwepo, basi tukashona viriba vya magome ya mgomba. Bernard alisafiri mpaka Kisarawe akarudi amepakata gunia la mbegu kwenye basi kama mtoto mgonjwa. Mpaka mvua zinaanza tulikuwa na miche elfu mbili: mikangazi, mijohoro, mivule, mikorosho na mifenesi.

Vijana wa Dunia wakafika Jumatatu, kumi na wawili, ndani ya lori. Walilazwa madarasani. Mimi, kwa Kiingereza changu cha kuchechemea, ndiye niliyekuwa mkalimani. Kulikuwa na Mhindi mmoja mpole aliyeitwa Prakash, na Mzambia aliyekula ugali wetu akausifu hadi tukamtilia shaka, na msichana wa Kifini, Anneli, mrefu kiasi kwamba kila mlango wa kijiji ulimpiga paji la uso mara moja kabla hajaukariri. Walikuwa watu wema. Walitaka kujua kila kitu na kukiandika.

Jumanne tukapanda kilimani na miche yote. Zahoro ndiye aliyechagua mahali: mahame ya Mzee Jumbe na ya wazee wenzake. Hakumwuliza mtu. Kwa Zahoro, mahali pasipo nyumba ni pa serikali. Tulichimba, tukapanda, mvua ikatunyunyizia kidogo, tukaimba nyimbo za nchi tisa, nyingine hazina hata kibwagizo. Mwishoni kiongozi wa kambi akatoa sanduku la vibati vidogo vilivyopakwa rangi. Kila kibati kina jina la kijana na la nchi yake. Wakavifunga kwenye vijiti mbele ya miche yao. Anneli, Ufini. Prakash, India. Nikavisoma kwa sauti, nikifurahi, mjinga mimi.

Wazee walikuwa wamekaa bondeni wanatutazama. Sikuwatilia maanani.

Jumatano asubuhi tukapanda na makopo ya maji. Kilima kilikuwa kitupu. Mashimo elfu mbili yanatukodolea macho, na mche hata mmoja hakuna. Anneli akaketi chini akaanza kulia kimya kimya, na mimi nikataka kuketi naye. Kisha Adventina, binti wa Bernard, akapiga kelele kutoka upande wa pili. Chini ya mwamba, mahali penye baridi, miche yote elfu mbili ilikuwa imesimamishwa kwa mistari iliyonyooka, kila mmoja na donge la udongo wake limefungwa upya kwa gome la mgomba. Ilikuwa imemwagiliwa. Vibati vilikuwa vimepangwa pembeni, safi.

Watu wengi wameniambia habari za wahujumu katika maisha yangu, lakini sijasikia mhujumu mwingine aliyemwagilia.

Bernard aliinama akagusa fundo la gome moja. Nililiona fundo lile na yeye aliliona. Kijiji kizima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyefunga namna hiyo, na nilikuwa namwita baba.

Zahoro alifika akihema, shati limelowa. "Nani? Nani amefanya hivi? Jumamosi anakuja mgeni rasmi kutoka mkoani! Namtaka mtu huyo, leo hii analala ndani! Bernard, wewe unajua. Sema!"

Bernard alisimama. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kusema uongo hata kwa mtoto anayeuliza kama dawa ni chungu. Akakohoa.

"Ni mimi, Ndugu Katibu."

"Wewe?"

"Miche ilichoka. Imetembea mbali. Nimeirudisha kivulini ipumzike."

Nilitafsiri.  Vijana wa Dunia wakatazamana, kisha daftari zote kumi na mbili zikafunguliwa kwa pamoja. Prakash akauliza, kwa heshima, miche hupumzishwa kwa saa ngapi. Bernard, jasho likimtiririka, akasema inategemea umri. Wakaandika. Mpaka leo sijui kuna nchi ngapi ambako watu wanapanda miti, wanaing'oa, wanaipumzisha.

Zahoro hakuandika. Alimwinamia Bernard akamwambia kwa sauti ya chini niliyoisikia vizuri: "Jumamosi saa nne miti hii isipokuwa imesimama juu ya kilima hiki, mimi mwenyewe nitaandika barua ya kukurudisha Songea. Mtasafiri wote pamoja."

Basi sasa mkewe anataka kuondoka kwa kukosa mti, na yeye ataondolewa kwa kukosa miti. Bernard alifuta jasho, akaniambia, "Twende kwa Mzee."

Baba alikuwa uani kwake anasuka jamvi, mtu asiye na habari yoyote duniani. Kucha zake zilikuwa na udongo mwekundu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kukushukuru. Umeing'oa na udongo wake. Haukufa hata mmoja."

Baba alisuka mara mbili tatu. "Mche hauna kosa," akasema. "Tumeng'oa wazee wanane, usiku kucha. Kiuno changu hakifai."

"Kwa nini, baba?" nikaropoka. "Kilima kinakufa! Maji tunayatafuta mpaka..."

"Wewe mtoto, nyamaza. Ulikuwa unasoma vibati kwa sauti, nilikusikia huku chini. Wameandika na majina! Huyu Bwana Miti amekaa nasi miaka tisa, tumezika naye, tumekula naye harusi, hajapanda hata mmoja, kwa adabu yake. Leo watu waliokuja juzi na lori wapande elfu mbili kwenye hame la babu yangu? Yule mrefu akifa, wajukuu zake watakuja hapa na kile kibati. Nitawajibu nini? Mimi nitakuwa nimekufa. Utawajibu wewe, kwa Kiingereza hicho?"

Na aibu ikanishika, kwa sababu alichosema kilikuwa na kichwa na miguu. Hakuna aliyewauliza wenyewe. Tulikuwa tunaokoa kilima bila watu wa kilima.

Bernard alichuchumaa. "Mzee, kama kila mwenye hame angeshika mche kwa mkono wake mwenyewe akautia shimoni? Vijana wachimbe tu, wachote maji."

"Na vibati?"

"Tutaandika majina ya wenyewe."

Baba aliacha kusuka. "Maji watachota wao? Mpaka juu?"

"Mpaka juu."

"Yule mrefu naye?"

"Yeye madebe mawili."

Baba alijitahidi asicheke, akashindwa. Nikajua tumepona. Nikamtazama Bernard, nikimsukuma kwa macho: sasa, mwombe sasa, ameshacheka! Bernard alifungua mdomo. Akaufunga. Akamwamkia tena, akaondoka. 

Alhamisi sitaisahau. Mimi nilidhani watapanda kilimani wale wazee wanane tu. Wakapanda watu wote. Habari zilikuwa zimezunguka kwamba Mzee Jumbe anakwenda kutia miti kwenye hame lake, na hakuna mtu mwenye akili atakayemwacha jirani atie miti kwanza. Watu waliosema hawajakanyaga kilimani kwa sababu ya magoti walinipita mbio. Bi Mwanajuma, shangazi yake baba, aliyekuwa hatoki kitandani, aliagiza aletewe mtu wa kumbeba, akabebwa mgongoni na Anneli, akimwongoza kwa fimbo kulia na kushoto mpaka kwenye hame la marehemu mumewe. Alipofika akamwambia, "Shuka chini, mwanangu, chimba. Mche usiuguse." Anneli hakuelewa neno, akafanya yote sawasawa.

Mipaka ambayo hakuna aliyeijali tangu tuhamishwe ikafufuka yote. Watu walipima kwa hatua, wengine kwa hatua za kuruka. Ndugu wawili waligombania nafasi ya mvule mmoja, mpaka Bernard akawaambia waupande kati yao na matawi watagawana, wakakubali. Saa saba miche elfu mbili ilikwisha, na watu wakamzingira Bernard wakidai ya kwao iko wapi, utadhani ni sukari imefika dukani. Alikimbia bustanini akaleta mia nne ya akiba, kisha akaleta hata ile iliyopinda. Vijana wa Dunia walishuka na kupanda na madebe mpaka jua linakwenda kuzama, nyuso nyekundu, wanacheka. Prakash aliniambia kwamba hata kwao, nyanyake asingekubali mgeni apande mti kwenye shamba lake, na kwamba anashangaa kwa nini hakulifikiria kabla hajaja.

Jumamosi mgeni rasmi akafika saa nne kamili. Kilima kilikuwa kimesimama miti, midogo, lakini kila mmoja na mlinzi wake pembeni, wazee kwa vijana, wamevaa vizuri. Hotuba zikasomwa. Zahoro aliisoma yake kana kwamba miche aliizaa yeye. Kisha akaleta sepetu iliyofungwa utepe, akamkaribisha mgeni rasmi apande mti wa kumbukumbu, katikati, kwenye hame la baba.

Minong'ono ikapanda kutoka kwa wazee. Bi Mwanajuma akasema kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Na huyu ni wa ukoo gani?"

Zahoro akabadilika rangi. Hakika sisi wote tulisahau. Mgeni rasmi ni mgeni, tena jina lenyewe linasema. Mgeni mwenyewe akasimama na sepetu mkononi hajui aende wapi. Macho yote yakamwendea baba.

Baba alisogea mbele polepole, akiwa amevaa kanzu yake ya Idi. "Mgeni anaweza kupanda," akasema, "akishikiwa mche na mwenyeji. Utakuwa mti wa mwenyeji, na mgeni atakuwa amesaidia."

"Vizuri sana, Mzee!" Zahoro akadakia. "Basi wewe mshikie."

Baba aliangalia ule mche. Akaangalia kiuno chake. Akageuka nyuma kwetu tulikosimama na madebe.

"Bwana Miti. Njoo umshikie."

Bernard hakusogea. "Mzee... mimi?"

"Nimeita nani?"

"Mzee, mimi ni mgeni."

"Mgeni!" Baba alipaza sauti, na hasira yake ilikuwa ya kweli, hasira ya mtu aliyekaa nayo. "Mgeni wa miaka tisa umemwona wapi? Watoto watatu umewazalia hapa. Juzi umesema uongo mbele ya serikali ili mimi nisilale ndani, nimeambiwa yote. Kila masika nasema, mwaka huu atakuja aniombe. Haji! Nakuona unakaa juani kama dagaa, unakata hata mbaazi, nikajisemea huyu anatudharau, hataki kukaa kwetu."

"Lakini wewe ulinikataza, Mzee. Nimeandika."

"Nilimkataza mgeni! Mgeni anakatazwa, kisha anazoea, kisha anaomba, anapewa. Ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Hukuniomba hata siku moja. Nikupe mti ambao hujaomba? Nikulazimishe?"

Mgeni rasmi, mtu mzima, alikuwa ameshikilia sepetu na kusubiri kama sote. Bernard akaja mbele. Alikuwa analia waziwazi, machozi yanaingia kwenye masharubu, na hakuyafuta kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika mkangazi. Mgeni rasmi akatia udongo. Nikalia na mimi, na Anneli akalia kwa kuwa mimi nalia, na ilibidi nimtafsirie baadaye.

Wakati wanashindilia udongo, nikakumbuka kumtafuta Laurensia. Alikuwa amesimama kando ya wanawake, na alikuwa amesikia yote. Hakuwa akilia. Alikuwa anamtazama mumewe na baba yangu, mmoja baada ya mwingine, wanaume wawili waliomwacha miaka tisa juani, mmoja akingoja kuombwa na mwingine akingoja kuruhusiwa. Sijawahi kuona uso wa namna ile. Kisha akakaza kanga kiunoni, akageuka, akashuka kilima.

Hotuba ya shukrani ilikuwa ndefu. Mpaka mgeni rasmi anaondoka na vumbi lake, jua lilikuwa limeshaanza kulegea. Bernard, baba na mimi tukashuka pamoja, wao wawili hawasemezani, kila mmoja akiona haya. Tulipokunja kona ya kwa Bwana Miti tukamkuta Laurensia ameketi kizingitini, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amepanda mfenesi. Alikuwa ameupanda katikati kabisa ya njia ya kuingilia mlangoni, hatua mbili tu kutoka nyumba.

"Mama Adventina," Bernard akasema kwa upole wa mtu wa kazi, "mfenesi unakuwa mkubwa sana. Unataka hatua kumi na tano kutoka ukutani."

"Nikatafute kibali?" Laurensia akajibu. "Nimeupanda hapa."

Baba alisimama akautazama ule mche kwa muda mrefu. Halafu akakusanya kanzu yake kwa mikono miwili ili isiuguse, akauzunguka kwa pembeni, akasimama kando ya mlango, akabisha hodi.